Baada ya "Nzuri"

Kwa miaka miwili hivi nilisimama kituo kimoja cha daladala na jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye mkoba wa ngozi, na maongezi yetu yote yalikuwa haya: "Shikamoo." "Marahaba, habari za asubuhi?" "Nzuri." Baada ya hapo kila mmoja anageukia barabara, kana kwamba daladala huja upesi ikitazamwa. Siku moja ya Februari, baada ya usiku wa fukuto ambao hata shuka nililiona adui, mdomo ukaniteleza: "Nzuri, ila feni imenifia usiku." Mzee akanigeukia mwili mzima. "Imekufa kabisa, au inazunguka kivivu?" Nikamwambia inazunguka kivivu, ukiisukuma kwa mpini wa fagio inaondoka, halafu inachoka. "Hiyo haijafa. Hiyo ni kapasita. Asije fundi akakuuzia feni mpya." Nikanunua kapasita kwa bei isiyozidi sahani mbili za chipsi mayai, feni ikafufuka, na tangu siku hiyo mimi na yule mzee hatujanyamaza.

"Nzuri" ni jibu la adabu, lakini halina mpini. Mwenzako amenyoosha mkono, hana pa kushika, basi naye anasema "nzuri" ya kwake na kutoa simu mfukoni. Mbinu ninayotaka kukupa imekaa kwenye neno moja dogo: "ila". Nzuri, ila usiku hatukulala. Salama, ila maji yametoka saa tisa usiku na nani wa kuamka kukinga. Nzuri tu, ila Januari hii haiishi. Ukiwa na jema, tumia "na": nzuri, na leo afadhali kaupepo kapo. Linalofuata liwe jambo dogo, liwe la leo, na lisiwe la kumfanya mwenzako aanze kuhesabu kama ana akiba ya kukukopesha.

Ila salamu iishe kwanza. Msimu wa joto watu wana tabia ya kuingia na malalamiko tangu mlangoni: "Jamani, joto!" Kwa rika lako inapita, na pengine ndiyo salamu yenyewe. Kwa aliyekuzidi umri, shikamoo itangulie, uitikiwe, uulizwe wa nyumbani, ndipo joto lipate zamu yake. Akiuliza mmoja mmoja, mama hajambo, watoto wameshafungua shule, mguu wa baba unaendeleaje, mjibu mmoja mmoja. Mwendo anaupanga yeye. Kwenye vijiwe vya kahawa vya Mji Mkongwe kule Unguja, kama pale Jaws Corner, anayefika huwasalimu wote, hukaa, hupokea kikombe, ndipo huuliza mmefikia wapi. Anayeanza na mada yake akiwa bado amesimama huonekana mpita njia.

Sasa joto lenyewe. Ndiyo mada rahisi kuliko zote, na ndiyo inayochosha upesi, kwa sababu wengi huitangaza kama redio. Kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam mchana hufika nyuzi 32 hivi, usiku hazishuki sana chini ya 25, na hewa imejaa unyevu wa bahari kiasi kwamba jasho halikauki mwilini. Hayo kila mtu anayajua kwa ngozi yake. Ukimwambia "leo kuna joto" hujampa kitu. Asichokijua ni joto limefanya nini kwako. Mwambie mmeteremsha godoro sebuleni na mtoto amelikimbia, kalala juu ya vigae. Mwambie umeoga mara mbili tangu alfajiri na umefika kazini kama mtu aliyesukuma gari. Mwambie umeacha maharage jikoni saa moja asubuhi, umerudi jioni yamechacha. Hilo la maharage nimelijaribu mara nyingi na halijawahi kuniangusha: kila mwanamke wa makamo, na wanaume wengi wapikao kwa siri, wana namna yao ya kuyanusuru, na hakuna anayekubaliana na mwenzake.

Na chagua neno. Fukuto ni joto lisilo na upepo, linalobana kama chumba kilichofungwa. Jua la utosi ni lile la saa saba mchana, unapoiona kofia ya mwenzako ukaitamani. Mtu akisema "jana kulikuwa na fukuto" najua aliteseka kitandani. Akisema "jana jua lilituchoma" najua alikuwa barabarani. Watu wa pwani wana pepo zao pia: kaskazi inayovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, kisha kusi baada ya hapo, na kati ya Juni na Agosti kipupwe, ambapo sisi wa Dar tunavaa masweta kwa hali ambayo mtu wa Njombe angeiita mchana mzuri. Ukikaa na mvuvi, muulize upepo kabla ya kumuuliza samaki. Kwake upepo ni habari ya kazini, ndio unaoamua kama chombo kitatoka.

Hapo nakupa tahadhari moja ambayo watu wa mjini huisahau. Kuna mahali hali ya hewa si mada ya kupisha muda. Ukimpigia simu mtu wa Mbeya, Iringa au Songea mwezi Januari, usimuulize kama na kwao kuna joto. Kule mvua ya mwaka ni moja, inashika Novemba au Desemba na kuachia Aprili, tofauti na huku pwani na kaskazini tunakopata vuli na masika. Swali la kule ni "Mvua zimeshika? Mahindi yamefikia wapi?" Akikujibu "yamefika magotini," umepata maongezi ya nusu saa na pengine gunia mwezi wa saba. Akikujibu "mara ya mwisho imenyesha wiki tatu zilizopita," punguza sauti, sema pole, mwache aseme mwenyewe. Hapo anazungumzia chakula cha mwaka mzima. Vivyo hivyo hapa hapa Dar: mtu aliyekaa bonde la Msimbazi wakati wa mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baadhi ya waathirika wake walihamishiwa Mabwepande, ukimwambia "heri mvua inyeshe tupoe" atakutazama bila kukujibu, na atakuwa na haki.

Ndugu walio mbali nao wana joto lao, kwa kalenda tofauti. Wakati sisi tunajifunika shuka la pili mwezi Julai, aliyeko Muscat yuko kwenye nyuzi 40 hivi, na huko kuanzia Juni hadi Agosti kazi za juani hupigwa marufuku kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa na nusu alasiri. Muulize anavyopanga siku yake, utasikia maisha ya watu wanaoamka na kutoka kama popo. Aliyeko Uingereza akikulalamikia nyuzi 30, zuia kicheko. Nyumba za kule zimejengwa kutunza joto, nyingi hazina kiyoyozi, na Julai 2022 nchi ile ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze. Mpe pole ya kweli kwanza. Utani wa kumwambia arudi Tandale akapumzike uje baadaye.

Sikukuu ni mada tamu yenye miiba. Mwiba mkubwa ni pesa. "Mwaka huu mmesherehekea wapi?" linasikika swali jema, lakini kwa aliyebaki nyumbani kwa sababu mfuko ulikataa, umemwomba atoe hesabu. "Sikukuu imekwendaje?" linampa nafasi ya kuchagua mlango. Anaweza kusema "tulikuwapo tu, watoto walifurahi," nawe ukaishia hapo. Usiwaulize wazazi wamewanunulia watoto nini. Usiwaulize vijana walioa lini au wataoa lini kwa sababu tu umewaona wameketi na shangazi zao. Utani wa pilau, kwa upande mwingine, unaruhusiwa hadi kwa bosi: "Mbona pilau letu halikufika?" Jibu lake linajulikana, "Lilikusubiri mpaka likapoa," na hakuna anayedai wala kudaiwa.

Wanaosafiri mwisho wa mwaka wana utani wao. Kila Desemba, mabasi ya Moshi na Arusha yanapojaa, tunawaambia Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Utani huu ni wa zamani na wenyewe wanaucheza vizuri kuliko sisi, lakini ufanye kwa mtu unayemjua, na ukishaufanya muulize swali la kweli: safari ilichukua saa ngapi, mama amemkutaje, migomba imeonaje mvua. Akirudi, "Umetuletea nini?" si ombi. Ni namna ya kusema tulikukosa. Anayejibu kwa kujitetea, eti mzigo ulikuwa mwingi na kiti kilikuwa kidogo, ameharibu. Jibu "Nimewaletea salamu, na hazijaoza njiani," kila mtu anacheka na kazi inaendelea.

Kipindi cha mfungo kinataka umakini wake. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko huu wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na miaka hii ya karibuni imekutana na Februari na Machi, yaani joto kwa joto. Mwenzako hajanywa maji tangu alfajiri na feni ya ofisi inapuliza hewa ya moto. Usimuulize mbele ya watu "Umefunga?" Kuna mgonjwa, kuna msafiri, kuna mwanamke aliye kwenye siku zake, na hakuna kati yao anayekudai maelezo. Sema "Poleni na swaumu" au "Habari za mfungo?" Atakayetaka kusimulia futari ya kwao, atasimulia. Na mfungo ukikaribia kwisha, utapata swali bora kuliko yote ya mwaka: "Mwezi utaandama leo?" Halina mtaalamu, halina anayeumia, Mkristo na Mwislamu wote wanalihitaji kwa kuwa wote wanasubiri mapumziko ya Idi, na jibu lake liko juu angani. Nimeona ofisi nzima yenye watu wasiopatana ikitoka kibarazani kutazama mawingu.

Halafu Januari. Kenya wameiita Njaanuari na sisi tumeazima bila kurudisha. Mshahara wa Desemba umetoka mapema kwa ajili ya sikukuu, ukaliwa mapema, sasa kuna ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba, na mwezi una siku 31 ambazo zinahesabika kama 50. Kulalamikia Januari ni halali kwa kila tabaka. Kinachofanya lalamiko linoge ni udogo wake. Ukisema "nina madeni ya milioni tatu," watu watanyamaza na mmoja ataanza kutafuta funguo zake. Ukisema "nimegundua nyumbani tuna aina tatu za majani ya chai, nitayanywa yote kabla ya tarehe 25," kila mtu atakuambia alichokigundua kabatini mwake.

Hapa tumeshafika kazini, na kazini ndipo soga linapoweza kukugharimu. Kanuni ninayoifuata ni kulalamikia vitu. Kiyoyozi kinachodondosha maji juu ya mafaili, mtandao unaokwama mteja akiwa amefika dirishani, printa inayokula karatasi, foleni ya kutoka mjini jioni. Vitu havina shemeji. Watu wanao. Kabla sijaijua kanuni hii, nilikaa kwa mamalishe mchana mmoja nikamchambua mkubwa wangu wa kazi wa wakati ule, kuanzia sauti yake hadi namna anavyosaini. Dada aliyekuwa akila mihogo pembeni yangu akaniuliza kwa upole nafanya kazi ofisi gani. Nikamtajia. "Aa," akasema, "huyo ni shemeji yangu. Nitamsalimia." Aliniagizia hata soda. Miezi miwili iliyofuata nilisaini daftari la mahudhurio kabla ya jogoo.

Ukiona ni lazima mtu aguswe, mguse kwa cheo kisicho na uso: "hawa wa juu," "wenye mamlaka," "waliopanga ratiba". Wasikilizaji watajaza wenyewe, kila mmoja na wake. Na kwenye daladala, hata hilo acha. Daladala ina masikio mengi kuliko viti.

Likizo ni lalamiko la kazini ambalo ni salama na lina kina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu za umma zinazoangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Yaani ukianza likizo tarehe 9 Desemba ukaimaliza tarehe 5 Januari, Uhuru, Krismasi, siku ya kupeana zawadi na Mwaka Mpya zote zimemezwa. Anayeijua hesabu hii huondoka mwezi usio na sikukuu na Desemba hubaki akichekelea ofisi tupu. Lete mada hiyo saa ya chai mwezi Oktoba, watu watatoa kalenda. Ila kwanza angalia nani yuko mezani. Kuna kibarua anayelipwa kwa siku, kuna kijana wa mkataba wa miezi mitatu, na kwao maongezi ya "mimi nafikiria niende Lushoto au Zanzibar" ni kula mbele ya mwenye njaa.

Kwa sababu hiyo hiyo, angalia "habari za kazi" na "pole na kazi" unampa nani. Aliyepunguzwa kazini mwezi uliopita, na wewe hujui, utamlazimisha ama adanganye ama akusimulie pale barabarani. "Pole na mihangaiko," "habari za shughuli," "vipi mapambano" zinamtosha mwenye ofisi, mwenye genge na anayezunguka na bahasha ya vyeti. Akijibu "tunamshukuru Mungu" na kunyamaza, amefunga mlango kwa adabu; usichungulie dirishani. Akijibu "tunamshukuru Mungu, ila..." basi karibu, umefunguliwa.

Na ukifunguliwa, sikiliza. Pole itangulie ushauri; mara nyingi ushauri hautakiwi kabisa. Kosa linaloua maongezi mengi kuliko kimya ni lile la kumpiku mwenzako: amesema hakulala kwa joto, wewe unasema, "Una nafuu, mimi bati la chumba changu halina dari." Amesema foleni ilimchukua saa moja na nusu, wewe ulikaa tatu. Utashinda, na utabaki na ushindi wako peke yako. Mwulize kwanza: ulifanyaje sasa? Ukishapata jibu, toa la kwako, liwe dogo kidogo kuliko la kwake. "Ehee," "mwenzangu," "wacha we" zinatosha kumsogeza mbele, huhitaji hotuba. Mimi binafsi nawapenda wanaoguna tu kwa wakati wake. Kuguna vizuri ni fani.

Imebaki kuondoka, jambo ambalo wengi hawalijui, hasa kwenye simu. Maongezi yetu hayakatwi, yanateremshwa ngazi. "Haya bwana" ya kwanza inatangaza kwamba mwisho unakuja. Hapo mwenzako ana haki ya kuongeza moja, na ataongeza. "Haya, basi ngoja nikuache" ni ya pili. Ya tatu ni "wasalimie nyumbani," anajibu "zimefika," na sasa uko huru. Ukiruka ngazi, ukasema "sawa, kwa heri" ghafla, atashinda siku nzima akijiuliza amekukosea nini. Msimu wa joto una neema yake hapa: "ngoja nisogee kivulini" ni sababu ambayo hakuna anayeweza kuihoji. Kwa wanaong'ang'ania hata kivulini, nimeona "nimeacha kitu jikoni" ikifanya kazi hata kwa wanaume, ingawa si saa tatu asubuhi ukiwa benki.

Basi kesho asubuhi, yule unayempa "nzuri" kila siku pale kituoni, langoni au kwenye lifti, mwongezee "ila" moja ndogo uone atageuka vipi. Na kama ni mimi utakayenikuta pale kituoni, ya feni nimeshaisimulia mara nyingi mno na yule mzee ameichoka. Njoo na nyingine.